Uzi: Itachi Uchiha hakufikia nguvu zake kamili, na si kifua kilichomkwamisha

MzeeWaFlash (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jana usiku kwenye kundi letu la WhatsApp watu wamekesha wakibishana habari za Itachi, yule ninja wa katuni ya Kijapani ya Naruto. Upande mmoja unadai angekuwa mzima wa afya angemlaza hata Madara, mwamba wa zamani wa ukoo wao. Upande wa pili unasema jamaa ni jina tu, mashabiki wamemvisha koti lisilo lake. Nimeona nilihamishie huku kwenye watu wanaosoma mpaka mwisho. Tahadhari: namwaga mtama wote, kama hujamaliza Naruto Shippuden pita hivi.

Naweka hoja mezani mapema ili msije mkasema sikusema. Ugonjwa ulimchosha Itachi, ila haukumzuia. Nguvu kamili ya ukoo wa Uchiha ina bei, na bei yenyewe hulipwa kwa damu ya nyumbani. Awamu ya kwanza aliilipa. Ya pili akagoma.

Turudi nyuma kidogo kwa ajili ya wale walioangalia kwa kurukaruka. Huyu ni mtoto aliyeona maiti za vita akiwa na miaka 4. Kamaliza Chuo cha ninja ana miaka 7, mwaka uliofuata kafungua Sharingan (macho ya nguvu ya ukoo wa Uchiha), miaka 10 chunin (ninja wa daraja la kati), miaka 13 tayari nahodha wa ANBU, kikosi cha siri cha kijiji. Kwa umri huo wengi wetu tulikuwa tunatumwa dukani chumvi na chenji tunaidondosha njiani. Na akiwa na hiyo 13 ndipo alipopewa ile kazi: baba yake na wenzake wanapanga mapinduzi, kijiji kinataka kuzima moto kabla haujawaka, Danzo, mmoja wa wazee wa kijiji, anamwambia chagua, ukoo wote pamoja na mdogo wako Sasuke, au ukoo wote ukiacha mdogo wako. Akachagua. Amekufa ana miaka 21. Hesabu mwenyewe, ni miaka minane tu ya kutembea na ule mzigo.

Sasa twende kwenye bei. Sharingan ya kawaida huamshwa na uchungu. Mangekyo, ile ya juu yake, huamshwa na kifo cha mtu unayempenda. Itachi aliipata siku Shisui, rafiki yake aliyekuwa kama kaka, alipomkabidhi jicho moja (la pili Danzo alishalipora) kisha akajirusha mtoni mbele yake. Hicho kilikuwa kifungua mkoba tu. Ukishaipata, Mangekyo inaanza kukudai: kila ukiitumia macho yanafifia, mpaka unapofuka. Dawa ipo moja, kuchukua macho ya ndugu yako na kuyapandikiza kwako. Hapo unapata Mangekyo ya milele, isiyofifia. Madara ndiye aliyewahi kufanya hivyo, kwa macho ya mdogo wake Izuna.

Kwa hiyo ukisema "Itachi angefikia nguvu kamili", sema sentensi yote. Itachi angefikia nguvu kamili kama angemng'oa Sasuke macho.

Mimi ule mpambano wa mwisho wa Itachi na Sasuke nimeuona mara ya kwanza mwaka 2011, chumba cha hosteli, kompyuta ya mwenzangu ambayo betri yake ilishikiliwa na kipande cha boksi la dawa ya meno. Faili lenyewe nilijaziwa kwenye flash na jamaa wa kibanda cha movie, picha imepauka, maandishi ya chini yanachelewa sekunde mbili nyuma ya sauti. Epizodi ya 138. Itachi anamsogelea Sasuke, mkono ameunyoosha, damu inamtoka mdomoni, Sasuke mgongo umegota ukutani hana pa kwenda. Tulikuwa wanne kitandani na hakuna aliyetafuna karanga. Muda wote wa pambano jamaa ameimba kitu kimoja, nimekuja kuchukua macho yako. Vidole vinafika kabisa usawa wa jicho. Halafu vinapanda juu kidogo, vinamgusa kwenye paji la uso, kama alivyokuwa akimgusa utotoni kila akitaka kumkwepa: samahani Sasuke, siku nyingine. Safari hii anamwambia hakuna siku nyingine. Anatabasamu, anaanguka.

Zile sentimita chache kutoka kwenye jicho kwenda kwenye paji ndizo zilizobeba nguvu kamili ya Itachi. Alizifikia kwa mkono wake mwenyewe, akazikwepa.

Naomba kuwasilisha. Povu ruksa.

Kinyozi Msomi

Siti ya mbele nimeshakalia. Leo wateja watasubiri.

msoto254

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini umeruka ugonjwa kama mtu anayeruka mtaro. Wacha nikushike hapo.

Kitabu cha tatu cha takwimu za Naruto kimempa Itachi 5 kwa 5 kwenye ninjutsu, kiinimacho, akili, kasi na mihuri ya mikono. Ukifika kwenye stamina unakuta 2.5. Mbili na nusu, boss! Huyo ni mtu wa daraja la juu kabisa mwenye mapafu ya mlinzi wa usiku. Na dalili zilikuwepo tangu zamani. Kumbuka alipokuja kijijini kwao Konoha na mwenzake Kisame: alimtumia Kakashi, mwalimu wa Sasuke, Tsukuyomi (kiinimacho cha mateso), kisha Sasuke naye, baadaye akatoboa ukuta kwa Amaterasu (moto mweusi wa jicho) wakimtoroka Jiraiya, mwalimu wa Naruto, na papo hapo ikabidi atafutiwe mahali pa kupumzika. Jutsu (mbinu za kininja) za macho mara tatu tu, mtu amekwisha. Wakati anapigana na Sasuke, Zetsu, mwenzake wa kundi aliyekuwa akitazama, alishangaa mbona hatembei kama Itachi anayemjua.

Kisha hii habari ya macho ya milele. Kakashi alisimamisha Susanoo (lile jitu la nguvu linalomkinga mwenye Mangekyo) kamili, ile yenye miguu na mabawa, bila Mangekyo ya milele. Kwa hivyo macho ya ndugu sio mlango wa pekee. Itachi angekuwa na chakra (nguvu ya ndani ya ninja) ya kutosha na afya, angefika bila kumgusa Sasuke. Shida ni mwili.

MzeeWaFlash

Mkuu, hapo kwa Kakashi umenichomekea, na nimecheka. Lakini Kakashi yule alikuwa amepewa macho mawili ya Obito yakiwa yamejaa chakra ya Njia Sita, ile ya juu kabisa, kwa dakika chache, na baada ya hapo yakatoweka. Ule ulikuwa mkopo wa marehemu. Huwezi kuutumia kupimia mshahara wa mtu.

Stamina nakubali. Sibishi kwamba alikuwa mgonjwa, na hatukuambiwa hata jina la ugonjwa wenyewe. Ila angalia huo ugonjwa ulivyotumika. Obito, yule wa kinyago aliyejifanya Madara, anamweleza Sasuke baada ya pambano kwamba Itachi alikuwa anajilazimisha kuishi kwa dawa. Anaishi kwa ajili gani? Asubiri mdogo wake akomae aje amuue. Mtu anayetaka kupona anatafuta tiba. Huyu alikuwa anatafuta muda. Alijipangia tarehe ya kufa na muuaji wake, akameza vidonge mpaka siku ifike. Nguvu nyingi zingemharibia mpango, maana Sasuke asingeshinda.

Halafu usisahau, hata akiwa hoi vile, Sasuke alimshushia Kirin, radi ya mbinguni kabisa, na alipofumbua macho akakuta Susanoo imemkinga. Orochimaru, mwalimu mwovu aliyekuwa amefungiwa mwilini mwa Sasuke, akachomoza kwenye bega lake na nyoka wake mwenye vichwa vinane, akafungiwa ndani ya upanga kabla hajamaliza kujisifu. Mgonjwa mahututi ndiye aliyefanya hayo. Anaokoa maisha ya anayekuja kumuua, anamtoa na uchafu wa Orochimaru mwilini, halafu ndio anakufa.

Jirani Msumbufu

Nimepita tu kuongeza nondo, msipigane.

Majina ya zile jutsu hayakuokotwa barabarani. Kwenye Kojiki, kitabu cha Kijapani cha mwaka 712, Izanagi anarudi kutoka nchi ya wafu alikomkuta mkewe Izanami ameoza. Anaoga kujitakasa. Akiosha jicho la kushoto anazaliwa Amaterasu, jua. Akiosha la kulia anazaliwa Tsukuyomi, mwezi. Akiosha pua anazaliwa Susanoo, wa dhoruba. Ndugu watatu, wanaotoka kwenye uso wa mtu aliyetoka kuona maiti ya mpenzi wake.

Sasa mtazameni Itachi. Macho yake yalifunguka kwa kifo, yakazaa Tsukuyomi na Amaterasu, na Susanoo ikaja baada ya hizo mbili. Kishimoto, mtunzi wa Naruto, kageuza pande, Tsukuyomi iko kushoto na Amaterasu kulia. Na ule upanga wa Totsuka? Kwenye hadithi ya kale, Susanoo alimlewesha nyoka wa vichwa vinane kwa pombe ya mchele kisha akamkatakata kwa upanga wa aina hiyohiyo. Kwenye manga (vitabu vya katuni yenyewe), upanga wa Itachi unamfungia adui kwenye ndoto ya ulevi, na aliyefungiwa ni nani? Nyoka wa vichwa vinane. Mara ya kwanza nilipoliona hili nilisimama nikazunguka chumba.

Ngao yake ni kioo cha Yata, na shanga alizorusha akipigana na Nagato ni magatama za Yasaka. Kioo na shanga ni viwili kati ya vitu vitatu vitakatifu vya ufalme wa Japani. Cha tatu ni upanga wa Kusanagi, na huo alikuwa nao Orochimaru.

Kwa hiyo kwa silaha, jamaa alikuwa amekamilika kuliko Madara. Kilichopungua ni miguu ya Susanoo tu.

Kinyozi Msomi

"Kilichopungua ni miguu tu." Mteja ameniuliza nacheka nini, nimekosa pa kuanzia.

Binti Makorora

Naona mnapimana stamina na rangi za Susanoo. Samahani kwa kuwaharibia sherehe.

Mleta uzi umeandika "bei hulipwa kwa damu ya nyumbani", halafu ukaruka haraka. Rudi hapo. Yule kijana aliua ukoo mzima. Ndani ya ule mtaa kulikuwa na watu waliopanga mapinduzi na watu waliokuwa wanapika chakula cha usiku. Uongo ule wa "shujaa mwenye huzuni" umetufanya tuwasahau. Mimi nilipoangalia mara ya pili, nimekuta kinachoniumiza si macho yake bali ni wazee wa kijiji. Hokage wa Tatu, mkuu wa kijiji, anataka mazungumzo lakini hana nguvu ya kuyasimamia. Danzo ana jicho la Shisui mkononi, jicho ambalo lingeweza kubadilisha nia ya viongozi wa Uchiha bila tone la damu, na akalipora palepale Shisui alipotaka kulitumia. Halafu watu wazima hao wakaenda kumtwisha mtoto wa miaka 13.

Mnauliza kwa nini hakufikia nguvu zake kamili? Kwa sababu walimtumia kabla hajakua. Muembe ukichumwa maembe machanga kila msimu, usije ukauliza mbona haukuzaa matamu.

Na jambo moja zaidi. Alipogoma kumng'oa Sasuke macho mnamwita mwema. Lakini siku ya mauaji alimwingiza yule mtoto kwenye Tsukuyomi, akamwonyesha wazazi wao wakichinjwa, tena na tena. Mtoto alikuwa darasani miaka ya mwanzo! Macho hakuyachukua, ila alichukua kila kilichokuwa nyuma ya macho.

MzeeWaFlash

Dada, nimekaa na huu ujumbe wako muda mrefu kabla ya kujibu. Kwenye sehemu ya Tsukuyomi sina utetezi. Nilitaka kuandika "alimjengea chuki ili amlinde", nikafuta. Ni kweli alitaka Sasuke akue akiwa na nguvu za kumuua na kurudi kijijini kama shujaa aliyelipiza kisasi cha ukoo. Ila alimtengeneza mdogo wake kwa kipimo kilekile walichomtengenezea yeye, akampa mtoto kazi ya mtu mzima na siri isiyoelezwa.

Na kusema kweli hili linaisaidia hoja yangu kuliko la macho. Ngoja nieleze.

Kuna kipindi Itachi alipata kila kitu ambacho watu wa kundi letu wanamwombea. Kabuto, adui kwenye vita, alipomfufua kwa Edo Tensei, jutsu ya kufufua wafu, mwili wake ulikuwa wa vumbi, hauchoki, ukikatwa unajijenga, chakra haiishi. Kifua hakimsumbui tena. Na akajikomboa mwenyewe: kunguru aliyemficha ndani ya Naruto, shujaa mwenyewe wa hadithi, alitoka na jicho la Shisui, amri ya "linda Konoha" ikaifuta amri ya Kabuto. Hakuna wa kumwamrisha. Huyo sasa ndiye Itachi mzima, asiye na bwana. Nani kati yenu anakumbuka alichofanya?

Kitu cha kwanza, alilichoma lile jicho la Shisui kwa Amaterasu. Silaha nzito kuliko zote kwenye vita ile, akaiteketeza, maana ingehitaji zaidi ya miaka 10 kuwa tayari tena na hakutaka iangukie mikononi mwa mtu. Kisha akamwambia Naruto maneno ambayo yeye mwenyewe aliyachelewa: usijaribu kubeba kila kitu peke yako. Halafu akaenda pangoni kwa Kabuto, akiwa na mdogo wake ubavuni, na hakumuua. Alitumia Izanami, jutsu inayotoa jicho moja sadaka moja kwa moja, inayomzungusha mtu kwenye tukio lilelile mpaka ajikubali alivyo. Alipokuwa na nguvu zisizo na mwisho, alizitumia kumrudisha mtu kwenye akili zake na kuisimamisha Edo Tensei iliyokuwa inamweka yeye mwenyewe duniani.

Kabla hajaondoka anamwambia Sasuke kitu ambacho ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu. Kwamba labda kama angemweleza ukweli tangu mwanzo, wakatazamana sawa kwa sawa, Sasuke angeweza kumbadilisha baba, mama, hata ukoo mzima. Yaani jamaa anakiri kwamba alikuwa na mtu nyumbani wa kumsaidia, akamfanya mzigo. Epizodi ya 339, nendeni mkaiangalie tena. Anakutanisha paji na paji badala ya kumsukuma kwa vidole.

msoto254

Sawa, stamina naiweka kando. Lakini bado nina swali dogo la kiufundi, na hili hamtalikwepa: hayo macho ya Itachi yaliishia wapi?

MzeeWaFlash

Aah, nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Obito aliyatunza. Sasuke mwanzoni aliyakataa. Baadaye, alipokwisha kumuua Danzo, Mangekyo ilikuwa imeshamla, haoni vizuri. Akamwambia Obito niwekee macho ya kaka yangu. Akapata Mangekyo ya milele, na baadaye Susanoo kamili, ile yenye miguu unayoililia.

Hapa tazama namna hadithi ilivyopinduka. Itachi alipomsimulia Sasuke habari za Madara, alisema aliyapora macho ya mdogo wake. Baadaye tunasimuliwa upande wa pili, kwamba Izuna aliyatoa kwa hiari. Simulizi hizo mbili zinapingana, na kila msimulizi alikuwa na sababu ya kuongopa. Ila kwa Itachi na Sasuke tuliona wenyewe. Kaka mkubwa hakuyachukua ya mdogo, ya kaka ndiyo yaliyokwenda kwa mdogo, baada ya kifo, bila kumpora mtu.

Kwa hiyo msoto, macho ya Itachi yalifikia nguvu zake kamili. Yalikuwa kwenye kichwa kingine.

Jirani Msumbufu

Ongeza na hili: lile jicho la Shisui ndani ya kunguru lilitegwa litoke pale Sasuke atakapokuja mbele ya Naruto akiwa na macho ya Itachi. Maana yake Itachi alishajua siku moja mdogo wake atayavaa. Aliweka akilini kabisa kwamba yatahama.

Binti Makorora

Na amri aliyomtegea ilikuwa nini? "Linda Konoha." Hata akiwa kaburini bado alikuwa amepanga kuingia kwenye kichwa cha Sasuke bila hodi. Basi hapo kwa Edo Tensei, alipolichoma lile jicho na kumwambia Sasuke fanya unavyotaka, nitakupenda hata iweje, ndiyo mara ya kwanza ninamwona kaka. Mleta uzi, hapo nakupa kura yangu. Kwa la ukoo bado nakudai.

MzeeWaFlash

Deni nimeliandika.

Shabiki wa Minato

Wakuu nimechelewa. Vipi kuhusu Minato, baba yake Naruto? Naye alikufa na miaka 24 tu, tena amejifungia nusu ya Mbweha, lile zimwi la mikia tisa...

Kinyozi Msomi

Jamani tusianze. Nina kichwa cha mtu hapa nimekinyoa upande mmoja toka saa nne.

MzeeWaFlash

Minato anataka uzi wake, usiku nitaufungua. Sasa hivi mdogo wangu kanipigia simu mara tatu sijapokea, anataka nimfundishe hesabu za kidato cha pili. Nilikuwa nishaanza kuandika "kesho dogo". Nimefuta, naenda.